"Mwanangu, nisogezee kidogo tu"

Wewe unayeanza kusimamia ujenzi huku Mbeya, neno litakalokusumbua kuliko bei ya simenti ni "kidogo tu".

Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa nyumba ya vyumba vitatu, Uyole. Tulishamwaga linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na mbao zilishafika kutoka Mafinga, zote futi 12 kama nilivyopiga hesabu. Mama mwenye nyumba akaja na chupa ya chai, akasimama pale mbele. "Mwanangu, hili baraza mbona dogo? Nisogezee mita moja na nusu tu." Nikamjibu, "Haina shida, mama." Sikuandika popote.

Msingi mpya, nguzo mbili, nondo na kokoto niliviona. Paa sikuliwaza. Baraza likitoka nje, ama kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zirefuke ama mteremko ulale, na mbao zangu hazikutosha tena. Tukiwa tunasubiri nyingine, likaongezeka jiko la nje, halafu choo cha wageni kikahamia upande wa pili na karo la maji taka likakifuata. Novemba mvua ikatukuta hatujapaua, na mvua za huku ni mpaka Aprili au Mei. Mchanga ukasombwa, vijana wakahamia saiti nyingine. Mama akaanza kuamini nimekula hela zake, nami sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Hilo liliniuma kuliko yote.

Mteja kubadili mawazo si kosa. Wengi ramani hawaisomi. Nyumba wanaiona kuta zikisimama. Ndiyo maana kabla ya kuchimba, kamba za kuonyesha kuta zitakapopita zikishavutwa, mimi hubeba kiti nikamkalisha mwenye nyumba pale barazani, aone miguu inaishia wapi.

Akiomba nyongeza kazi ikiendelea, usikatae, wala usikubali papo hapo. Mwambie, "Nipe hadi kesho mama, nikupigie hesabu." Andika kazi yenyewe, vifaa na ufundi ni shilingi ngapi, siku ngapi zinaongezeka, na nini kilichokwishajengwa kitaguswa. Asaini kabla jembe halijagusa ardhi. Wengi wakiona hela na siku kwenye karatasi moja, wanasema baraza libaki lilivyo.

Na vijana wako wajue: mwenye nyumba akiwaagiza wao, wamlete kwako kwanza. Kuna siku nilishuka Mwanjelwa kununua misumari, niliporudi dirisha la sebuleni lilikuwa limeshahama.