Soko huria, soko huru au soko holela?

Mwalimu wa uchumi katika shule moja ya sekondari Tororo ametuandikia: "Nafundisha nadharia ya Adam Smith na wapinzani wake, na wanafunzi wangu wanataka kuieleza kwa Kiswahili. Kitabu kimoja kinasema soko huru, kingine soko huria, na mwalimu mwenzangu husema soko holela. Lipi sahihi? Ule mkono wa Smith niuite mkono wa siri? Na wanaoandika mafuta mingi niwasahihishe?"

Mwalimu, andika soko huria.

Huru na huria yametoka shina moja la Kiarabu: hurr ni mtu asiye mtumwa, hurriya ni hali ya kuwa hivyo. Kiswahili kimeyapokea yote mawili na kuyagawia kazi. Huru hutumika kwa yule asiye chini ya amri ya mwingine: mtu huru, nchi huru, mahakama huru. Huria husema kwamba mlango uko wazi kwa yeyote. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hakikuitwa hivyo kwa kuwa kimejikomboa, bali kwa kuwa mtu anaweza kusoma hapo bila kuhamia chuoni. Soko la Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti wa karne ya 18, nalo ni la namna hiyo: mwenye mali aingie, mwenye fedha aingie, bei ipatikane kwa kupatana kwao.

Atakayeandika soko huru usimnyime maksi, mradi asichanganye mawili hayo katika insha moja. Kosa la kweli ni soko la bure, ambalo siku hizi linaletwa na tafsiri za mashine. Bure ni kisicholipiwa. Soko lisilo na malipo si soko. Huru na huria hazibadiliki kwa ngeli: soko huria, masoko huria, biashara huria. Kinachobadilika ni kiunganishi, nacho ni soko la, masoko ya. Ile soko ya tunayoisikia kila siku kuanzia Malaba hadi Kampala ibaki kwenye mazungumzo.

Holela ni jambo jingine kabisa, na hapo mwenzako anawapotosha wanafunzi. Holela maana yake ni bila mpango wala utaratibu: ujenzi holela, utupaji taka holela. Ni neno la lawama. Smith, katika kitabu chake cha 1776, aliipa serikali wajibu wa aina tatu: kuilinda nchi, kusimamia haki, na kujenga na kutunza kazi za umma ambazo faida yake haimtoshi mtu mmoja kuzigharimia. Soko lenye mahakama na barabara mtu huwezi kuliita holela. Mpinzani wake ana haki ya kusema "soko huria huishia kuwa soko holela", na kuna waliosema hivyo kwa nguvu. Lakini ili aseme hivyo anahitaji maneno yote mawili. Ukilifanya holela kuwa tafsiri ya huria, umemnyang'anya hoja yake kabla hajafungua kinywa, na Smith umemhukumu kabla hajasikilizwa.

Uganda ina neno lake linalosaidia kulionyesha hilo darasani: magendo. Baridi kali ya Julai 1975 iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapaa duniani kote. Mkulima wa Uganda aliendelea kupokea bei iliyopangwa na bodi ya kahawa ya serikali, nayo ilikuwa chini mno. Matokeo yake, magunia yakavushwa mpaka kwenda Chepkube, upande wa Kenya. Je, hilo lilikuwa soko huria? Wauzaji na wanunuzi walipatana wenyewe, ni kweli. Hata hivyo aliyedhulumiwa hakuwa na pa kushtaki, na aliyebeba gunia aliweza kupoteza gunia na maisha yake pia. Kwa hiyo sema biashara ya magendo, nayo ni biashara inayokimbia sheria; soko huria ni lile linalolindwa na sheria bila kupangiwa bei. Tofauti hiyo ikieleweka, mwanafunzi hatatatizika na kibanda, jina walilolipa watu wa Uganda soko la fedha za kigeni lisilo rasmi miaka ya 1980, kabla ya maduka ya kubadilisha fedha kuruhusiwa. Kibanda kilikuwa magendo. Duka la kubadilisha fedha lenye leseni, linaloandika bei yake ubaoni, ni soko huria.

Sasa ule mkono. Uite mkono usioonekana. Mkono wa siri haufai, kwa sababu siri ina mwenyewe: kuna anayejua na anaficha. Waswahili tukiona jambo limeharibika tunasema "kuna mkono wa mtu". Smith anasema kinyume chake, kwamba hapa hakuna mkono wa mtu yeyote. Katika kitabu hicho cha 1776 maneno hayo yametokea mara moja tu, akimzungumzia mfanyabiashara anayeweka mtaji wake nchini kwake badala ya ng'ambo kwa ajili ya usalama wake mwenyewe, na kwa kufanya hivyo akainua pato la taifa bila kukusudia. Hapo kiini ni kutokukusudia. Anayeandika "mkono wa siri wa soko" ataulizwa siri ni ya nani, naye hatakuwa na jibu.

Angalia pia bepari. Neno hili limetoka India na kwa asili ni mfanyabiashara tu. Leo ni mwenye mtaji anayetajirika kwa kazi ya wengine. Mwanafunzi akiandika "Smith aliwatetea mabepari", amekosea mara mbili: neno ni la mabishano ya karne iliyofuata, na Smith mwenyewe aliwashuku wafanyabiashara, akisema watu wa biashara moja ni nadra kukutana bila mazungumzo yao kuishia kwenye njama dhidi ya umma au hila ya kupandisha bei. Kwa Smith tumia wafanyabiashara au wenye mitaji. Bepari mwachie Karl Marx, mkosoaji mkuu wa ubepari.

Kwa Marx mwenyewe kuna mtego wa nguvukazi. Magazetini nguvukazi ni jumla ya watu wanaoweza kufanya kazi, kama katika "nguvukazi ya taifa". Marx anazungumzia kitu ambacho mfanyakazi mmoja anakiuza, nacho si kazi yenyewe, ni uwezo wake wa kuifanya. Andika nguvu ya kufanya kazi, japo ni ndefu. Bila tofauti hiyo hoja yake ya thamani ya ziada haisimami: mwajiri analipia uwezo wa siku nzima, halafu anachukua kazi inayozidi thamani ya ule ujira.

Mtego mbaya zaidi uko kwa Karl Polanyi, mwanahistoria wa uchumi aliyeandika mwaka 1944 kwamba kazi, ardhi na fedha si bidhaa za kweli, kwa kuwa hazikutengenezwa ili ziuzwe. Kwa Kiingereza aliziita fictitious commodities, nami nimeona maneno hayo yakitafsiriwa bidhaa bandia. Mwanafunzi wa Kampala akisikia bidhaa bandia anakumbuka betri na simu zisizo halisi za madukani. Polanyi hasemi ardhi ni feki! Anasema tunaichukulia kana kwamba ni bidhaa. Bidhaa za kudhaniwa inatosha, ikifuatwa na sentensi moja ya maelezo.

Mwisho, mafuta mingi. Kwa sarufi sanifu ni mafuta mengi, na ukizungumzia mafuta ya kupikia sahihisha bila huruma. Lakini Waganda walipowaita hivyo watu waliogawiwa maduka na viwanda vya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972, lilikuwa jina, na jina halisahihishwi. Liandike kama neno moja, mafutamingi, na ulipe upatanisho wa watu: "mafutamingi walipewa maduka", si "yalipewa", kwa sababu waliopewa ni watu.