Viatu vya Clarks: maswali yenu wiki hii

Clarks ilianzishwa na nani?

Swali hili tena. Cyrus Clark, mwaka 1825, mjini Street, Somerset. Alianza na mazulia ya ngozi ya kondoo. Mdogo wake James ndiye aliyeshona sapatu kwa mabaki ya ngozi hizo.

Ni kweli iliwahi kukaribia kufilisika?

Kweli, mwaka 1863. Akina Clark walikuwa Waquaker, Wakristo wa imani moja na Marafiki wa Kaimosi, Kenya, na wenzao wa imani ndio waliowakopesha. Sharti likawa William, mwana wa James, ashike usukani. Jina la ukoo halilipi deni. Hesabu ndizo zinazolipa.

Zangu za mtumba zimeandikwa Vietnam. Nimeuziwa feki?

Hapana. Uzalishaji mwingi ulihamia nje ya Uingereza siku nyingi. Acheni kusoma lebo, someni mshono.

Desert Boot ina nini cha ajabu?

Urahisi wake. Nathan Clark, kitukuu wa James, aliona buti za namna hiyo kwa maofisa wa jeshi huko Burma, zilizotoka sokoni Cairo. Zake zikaingia sokoni 1950: ngozi laini ya swedi, matundu mawili ya kamba kila upande, soli ya krepu. Ukingo wa ngozi ya juu hukunjwa nje, ukashonwa moja kwa moja kwenye soli ya kati. Kwa hiyo fundi anapobadilisha krepu aibandue tu na kusugua gundi ya zamani. Akikata uzi wa ukingoni, kiatu kizima kinafumuka. Petroli na mafuta ya taa msiguse: krepu ni raba asilia, inayeyuka na kunata. Brashi ngumu, maji na sabuni vinatosha.

Nimeweka pea mpya kabatini miaka saba, soli imemeguka kama keki. Kwa nini?

Hiyo si krepu, ni poliyurethani, aina ya plastiki. Unyevu wa hewa huivunja kutoka ndani, na joto huharakisha. Wa Mombasa na Tanga mnaonja mapema. Kuitunza kwenye boksi hakuiokoi. Kabla ya kununua mtumba, bonyeza soli kwa ukucha na kunja kiatu katikati: ikiacha alama au kutoa unga, rudisha. Iliyokwisha kumeguka haibandikwi na gundi yoyote. Ing'olewe yote, pakwanguliwe hadi pawe safi, iwekwe soli ya raba na kushonwa.

Bado ni ya familia?

Mwaka 1993 wenyehisa walikataa kuuza, kwa tofauti ndogo ya kura. Mwaka 2021 LionRock Capital, kampuni ya uwekezaji ya Hong Kong, ilichukua 51% ya hisa. Jijibu.