Tunataka Kuhamia Ndani ya Gari: Lipi Litatufaa?

SWALI: Mhariri, nitastaafu ualimu mwezi Juni, na mke wangu alistaafu mwaka jana. Watoto wanajitegemea, nyumba yetu imeshapata mpangaji, na tumeafikiana kuishi ndani ya gari kwa miaka 2 au zaidi, tukianzia Nyanda za Juu Kusini, kisha Kigoma, kisha pwani yote hadi Mombasa. Tusipoelewana ni kwenye gari lenyewe. Mimi natamani Land Cruiser yenye hema juu ya keria. Mwenzangu, ambaye goti la kushoto linamsumbua, anataka Coaster ili aweze kusimama wima. Na kijana wetu anasema tununue Noah na hema la kawaida, tuache mbwembwe. Tumsikilize nani? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kumaliza utumishi salama. Kabla sijataja gari lolote, naomba mfanye jaribio ambalo halitawagharimu zaidi ya kipande cha chaki, kitu ambacho nadhani hukikosi. Sogezeni viti vya sebuleni, chora sakafuni eneo la ndani la kila gari kwa vipimo mtakavyochukua wenyewe kwa futikamba, wekeni godoro, ndoo ya maji, jiko, friji na sanduku la nguo za kila mmoja, kisha mkae humo tangu saa 12 jioni hadi mnapolala. Hesabuni ni vitu vingapi vinahamishwa kabla ya mtu kujinyoosha, na vingapi vinahamishwa tena ili mwingine achemshe chai. Hesabu hiyo itawaambia habari za starehe ya gari kuliko ukubwa wa injini.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuumia. Kitanda changu cha kwanza nilikijenga juu ya masanduku, nikajiona fundi, hadi mvua ya Njombe iliponifungia ndani siku nzima. Sukari ilikuwa chini ya godoro upande wa miguu, na ndugu yangu niliyesafiri naye alikuwa na homa, amelala juu yake. Kila kikombe cha chai kilimwamsha mgonjwa. Gari lenyewe halikuwa na tatizo lolote. Mpangilio ndio uliokuwa mbovu.

Sasa nirudi kwenye mashauri yenu matatu. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambao Toyota ilianza kuutengeneza mwaka 1984, ni gari ninaloliheshimu, na ile injini yake ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo inafahamika kwa mafundi wengi wa nchi hii. Lakini hema la juu ya keria ni la msafiri wa wiki 2. Kwa anayeishi humo, maana yake ni kulikunja kila asubuhi hata likiwa limelowa, na baada ya siku chache za masika linaanza kuota ukungu na kunuka. Zaidi ya hayo kuna ngazi. Fikiria mama mwenye goti bovu akishuka ngazi saa 8 usiku kwenda kujisaidia, gizani, mvua ikinyesha, na pengine fisi wanasikika si mbali. Ombi lako hili, Mwalimu, nalikataa kwa niaba yake.

Noah na hema la chini linawafaa vijana, na kwa fedha ndogo. Kwa miaka 2 litawachosha, kwa kuwa kila mnapohama mnajenga nyumba na kuibomoa.

Coaster ina hoja nzito. Upana wake wa nje unazidi kidogo mita 2, hivyo watu wenye kimo cha kawaida wanaweza kulala kwa kukatiza upana wa gari, na nafasi yote iliyobaki ikawa ya jiko, meza na choo cha kubeba. Hata hivyo, ile ndefu inakaribia mita 7, inakunywa mafuta, na inawafanya mfikiri mara mbili kabla ya kuingia kila njia nyembamba ya kijijini. Ukiipakia mbao za mninga kama nyumba ya harusi, utajuta kwenye mlima Kitonga, wakati wa kupanda na hasa wakati wa kushuka, breki zinapoanza kutoa harufu.

Kwa ratiba mliyonieleza, ambayo sehemu kubwa yake ni lami na barabara za changarawe, ningenunua HiAce ndefu yenye paa la juu, ile ya mita 5.38. Msiichanganye na HiAce ya kawaida, ambayo imefinywa kwa makusudi ibaki chini ya mita 4.7 kwa urefu na 1.7 kwa upana, kwa kuwa huko Japani gari likizidi hapo linaingia daraja jingine la usajili. Ile ndefu ina upana wa nje wa mita 1.88. Kitanda mkiweke kwa urefu wa gari, upande mmoja au nyuma kabisa, kisivunjwe mchana, na chini yake muweke chaga ili godoro lipate hewa. Kati ya kitanda na mlango wa pembeni iachwe nafasi ya mtu kukaa kitako miguu ikiwa chini, akavaa viatu bila kuinama sana. Mama hatasimama wima kabisa humo, hilo nakiri, na kwa sababu hiyo jaribio la chaki alifanye yeye kwanza. Akiona kuinama humo kunamuumiza sana, basi nunueni Coaster fupi na msinilaumu.

Uzito wa mizigo watu huusahau. Maji lita 80 ni kilo 80, na kwa watu 2 wanaopika, kuosha vyombo na kujimwagia kwa kikombe, hizo ni za siku 4 hivi. Tangi likae chini, karibu na ekseli ya nyuma, wala lisiwekwe juu ya keria. Makabati yawe ya plaiwudi nyepesi, na kabla ya kulipokea gari kwa fundi, lipitisheni kwenye mizani likiwa limejaa kila kitu, nanyi mkiwa ndani.

Vumbi nalo litawatafuta. Gari lenye mgongo uliosimama, likienda kasi, huacha nyuma yake eneo la hewa hafifu linalovuta vumbi ndani kupitia mlango wa nyuma. Badilisheni mpira wa mlango huo, fungeni madirisha ya nyuma, kisha washeni feni ya dashibodi ikiingiza hewa ya nje, ili mgandamizo wa ndani ulisukume vumbi nje. Na mnapotaka kuingia Ruaha au Katavi, hasa kipindi ambacho udongo mweusi wa mbuga umelowa, kodini Land Cruiser ya siku 3 na dereva wake, HiAce ipumzike mjini. Hapo nawe, Mwalimu, utakuwa umepata haja yako.

La mwisho ni karatasi. Mkitoa viti vya abiria, taarifa za kadi ya gari zirekebishwe TRA kabla hamjaanza safari, maana askari wa barabarani atahesabu viti. Kwa kuvuka kwenda Mombasa mtahitaji bima ya kadi ya njano ya COMESA, yaani soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania inaitambua ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo.

SWALI: Naishi kwenye van yangu na dada yangu mdogo, na kwa sasa tumeegesha Limuru. Baridi ya usiku ni kali, na asubuhi madirisha yanatiririka maji hadi blanketi zinalowa. Nimefikiria kuingiza jiko la makaa, makaa yakishaiva na moshi kuisha, ili tupate joto na kukausha unyevu. Kuna ubaya? – Msomaji wa Kiambu

JIBU: Kuna ubaya wa mauti, dada, na nakuomba jiko hilo lisivuke mlango hata usiku mmoja. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu, kwa kuwa yanaendelea kutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Hewa hiyo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na aliyelala haamki kuomba msaada. Chumba kidogo kama van hujaa haraka kuliko nyumba. Jiko la gesi nalo lisitumike kama hita. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia sakafuni, kwa hiyo mtungi ukae kwenye kabati lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu la chini linalotokea nje ya gari. Mapishi mazito yafanyieni nje, chini ya turubai.

Maji mnayoyaona madirishani mmeyatoa wenyewe. Watu 2 wanaopumua usiku kucha hutoa mvuke unaozidi nusu lita, na mvuke huo ukigusa kioo au bati baridi hugeuka matone. Mkifunga kila kitu kwa kuogopa baridi, mnazidisha unyevu. Fungueni kidogo sehemu mbili, moja chini na nyingine juu, upande wa pili, zote zikiwa na wavu wa mbu, na kama mna uwezo muweke feni ndogo ya paani inayotoa hewa nje. Kuta zivisheni kwa kitu chenye kuzuia joto lisitoroke, hata kama ni sponji ya kulalia wapanda milima, na nguo zilizolowa zisianikwe ndani. Kwa joto la mwili, blanketi la pili na chupa ya maji ya moto miguuni vinatosha Limuru.

Pia kumbukeni kwamba nyumba yenu ina magurudumu. Hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Limuru iko juu ya mita 2,000. Mkishuka Naivasha mnapata nafuu ya nyuzi 2 au 3, na mkishuka hadi Magadi mtaanza kuniandikia kuhusu joto.

SWALI: Nafanya kazi kwa kompyuta saa 6 kila siku nikiwa ndani ya gari, na nina friji ndogo. Muuzaji ananiambia paneli moja ya wati 100 inatosha. Ni kweli? – Mfanyakazi wa Nanyuki

JIBU: Inamtosha muuzaji. Kompyuta ya wati 60 kwa saa 6 ni wati-saa 360. Friji ya kompresa ya volti 12 weka 450 siku ya joto. Taa, simu na ruta weka 90. Jumla ni 900. Paneli ya wati 100 iliyolala paani, yenye vumbi na joto, ukipata saa 5 za jua zuri itakupa takriban 350. Unahitaji paneli 3 kama hiyo, yaani wati 300, pamoja na chaja ya kuchukua umeme wa alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, unapoendesha, kwa ajili ya siku za mawingu. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 huhifadhi karibu wati-saa 1,280. Ukinunua betri ya kawaida ya risasi na asidi, nunua yenye ukubwa maradufu, kwa kuwa haipendi kushushwa chini ya nusu.

Nanyuki ikiwa kwenye Ikweta, jua hupita karibu na utosi, hivyo huna haja ya kuinamisha paneli. Shida yako itakuwa kivuli: ukiegesha chini ya mgunga utapata ubaridi na kukosa umeme. Tenga paneli moja kati ya hizo iwe ya kubebeka, yenye waya wa mita 10, uiweke juani gari likiwa kivulini, na uiingize ndani kabla ya kuondoka. Na fundi akimaliza kazi, mwambie akuonyeshe fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Kama haipo, usimlipe bado.