Kabla hujaandika daraja la kuziba kwa njia za hewa

Ninyi mnaoanza kazi kliniki ya kifua hapa Kisumu, karibuni. Karatasi ya spirometa, mashine ya kupima pumzi, ina namba nyingi, na mbili kati yake huwachanganya wengi.

Ya kwanza ni uwiano: hewa inayotoka sekunde ya kwanza, FEV1, ikigawanywa kwa FVC, yaani hewa yote aliyopuliza mgonjwa. Ukiwa chini ya 0.70, njia za hewa zimeziba. Kazi ya uwiano inaishia hapo. Ukali unapimwa kwa FEV1 kama asilimia ya ile inayotarajiwa kwa mtu wa umri, jinsia na kimo chake. Kwa GOLD, mwongozo wa kimataifa wa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa (COPD), 80 kwenda juu ni daraja la 1, 50 hadi 79 la 2, 30 hadi 49 la 3, chini ya 30 la 4.

Chukua mama anayekausha samaki kwa moshi kule Dunga. FEV1 lita 1.1, FVC lita 2.2. Uwiano ni 0.50, na mgeni ataandika papo hapo "50, daraja la 2". Sivyo. Alitarajiwa kutoa lita 2.4 sekunde ile ya kwanza, akatoa 1.1: asilimia 46, daraja la 3.

Namba hizo ziwe za baada ya dawa ya kufungua njia za hewa. Mpe salbutamol mikrogramu 400, subiri dakika 10 hadi 15, ndipo apulize tena. Foleni ikiwa ndefu utatamani kuruka hatua hii. Tafadhali usiruke: mwenye pumu anaweza kurudi kawaida kabisa, nawe umeshamwandikia ugonjwa usio wake.

Wakati wa kupuliza simama naye, mhimize kwa sauti: "Puliza mama, endelea, endelea, bado!" Akiacha mapema FVC inapungua, uwiano unapanda, ugonjwa unajificha. Tafuta mipulizo 3 safi.

Kisha weka karatasi chini, muulize anavyoishi. Wawili wa daraja la 2 hawafanani: mmoja anapanda kilima cha Riat bila kupumzika, mwenziwe anatweta akitoka jikoni kwenda kisimani. Dawa huchaguliwa kwa dalili na kwa mara alizozidiwa mwaka uliopita, si kwa daraja peke yake.

Uliza pia kuhusu TB ya zamani, maana makovu yake huziba njia za hewa hata kwa asiyewahi kuvuta sigara. Na anayekohoa wiki mbili bila kupimwa TB, makohozi yake yaende maabara kwanza, spirometa itamsubiri.