Kabla Hujanunua Sanamu Yako ya Kwanza ya Anime

Sanamu ya kwanza ya mhusika wa anime, yaani katuni za Kijapani, niliyonunua nikiwa mwanafunzi Tokyo ilikuwa bandia. Niliiagiza mtandaoni kwa bei isiyofika theluthi ya ile ya dukani, na nilipofungua sanduku harufu kali ya plastiki ilinipiga usoni. Rangi ya nywele ilikuwa imemwagikia kwenye paji la uso, macho yalitazama pande mbili tofauti, na vijiti vya miguuni havikuingia kwenye matundu ya kibao cha kusimamia. Tangu hapo huanza kwa kukagua macho, kwa sababu katika sanamu halisi huchapwa kwa mistari myembamba iliyo safi, na waigaji wengi hushindwa papo hapo.

Anayeanza ningemshauri atembelee maduka ya mtumba kwanza. Nakano Broadway, jengo la maduka mjini Tokyo ambako Mandarake, wauzaji wa mtumba, wana maduka yao, na kule Akihabara, mtaa wa Tokyo wenye maduka mengi ya anime, sanamu hupangwa kwenye makabati ya kioo zikiwa na vikaratasi vinavyotaja kasoro zake, hata ikiwa ni kona tu ya sanduku iliyobonyea. Hapo macho yako yatajifunza bila kulipa chochote. Sanamu ndogo ziitwazo Nendoroid, ambazo kampuni ya Good Smile Company ilianza kuzitoa mwaka 2006, zina vichwa vikubwa, kimo cha sentimita 10 hivi na nyuso za kubadilisha. Sanamu ya kipimo cha 1/7 humfanya mhusika wa sentimita 160 awe na sentimita 23 hivi, na ikiwa mpya mara nyingi hufika yeni 20,000. Zile za zawadi, zinazotengenezwa kwa ajili ya mashine za kunyakulia kwenye kumbi za michezo, mimi nilizipata kwa yeni 2,000 au pungufu, na baadhi yake bado nazipenda kuliko zile za gharama.

Lakini kazi kubwa huja baada ya kununua. PVC, plastiki ya kutengenezea sanamu hizi, yenyewe ni ngumu, hivyo huchanganywa na vilainishi, na kadiri miaka inavyopita vilainishi hivyo hutoka hadi juu ya ngozi ya sanamu, hasa penye joto na ndani ya sanduku lililofungwa muda mrefu. Ukiigusa inanata, na vumbi likitua haliondoki. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya vyombo na brashi ya nyuzi laini, kisha iache ikauke kivulini. Spiriti usiisogeze karibu, maana itaondoka na rangi.

Niliporudi Dar es Salaam, sanamu yangu ya msichana aliyesimama kwa mguu mmoja ilianza kuinama mbele, taratibu, mpaka ncha za nywele zake zikakaribia kugusa rafu. Niliutumbukiza mguu ule kwenye maji ya moto yasiyochemka, nikaunyoosha kwa vidole, nikaushikilia ndani ya maji baridi hadi ukakaza. Sasa anakaa kwenye rafu isiyofikiwa na jua, na kila Januari, joto linapopanda, humwekea kijiti cha plastiki angavu chini ya paja ili uzito wake usiulemee mguu huo.