Picha ya kima punju: imepigwa chapa au imechorwa?

SWALI: Assalamu alaykum. Marehemu babu ametuachia picha ya kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, iko ukumbini kwetu Mkunazini tangu sijazaliwa. Fundi wa fremu anasema ni chapa. Binamu yangu anashikilia kuwa imechorwa kwa mkono, kwa vile wekundu umetoka nje ya mstari pale mkiani. Tena kima mwenyewe hana midomo ya waridi kama hawa wa msitu wa Jozani. Ni ya kughushi? Na pembe moja imeganda kwenye kioo, niibandue vipi? Na bei yake ni kiasi gani?

JIBU: Waalaykumu ssalam. Kwanza, usibandue kitu. Nitafika huko.

Hao wawili wanaogombana huenda wote wana haki. Picha nyingi za wanyama katika vitabu vya karne ya 19 zilichapwa mistari tu, kwa wino mweusi, kutoka kwenye jiwe lililochorwa kwa kalamu ya mafuta. Kisha watu walikaa na brashi na rangi za maji, wakapaka karatasi moja baada ya moja. Ndiyo maana wekundu ukavuka mstari: mkono ulikuwa na haraka.

Nenda kwa sonara umwazime ile lenzi yake ya kukagulia vito, ya kukuza mara 10. Tazama mgongo wa kima. Ukiona vitone vya buluu, manjano, wekundu na weusi vimejipanga kwa utaratibu kama nyuzi za kitambaa kilichofumwa vizuri, hiyo ni nakala ya mashine ya zama zetu. Ukiona rangi imetandaa bila vitone, imekolea ukingoni pale brashi ilipoinuliwa, na chini yake mstari mweusi wenye chembechembe kama chaki ukutani, basi ni chapa ya jiwe iliyopakwa kwa mkono. Angalia na ukingo wa kushoto: matundu ya sindano yanaonyesha kuwa ilichanwa kitabuni.

Midomo isikutie shaka. Mnyama huyu aliandikwa kisayansi na John Edward Gray mwaka 1868, na neno kirkii katika jina lake la kisayansi linatokana na John Kirk, daktari aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza hapa Unguja. Wachoraji wengi wa Ulaya wakati huo walikuwa na ngozi kavu tu mezani. Manyoya hubaki na rangi yake miaka mingi, lakini waridi ya mdomo na pua huondoka na uhai. Mchoraji atapaka nini asichokiona? Mimi hutazama zaidi mkono. Jamaa wote wa mbega na kima punju dole gumba lao ni kijinundu tu, au halipo kabisa; hata colobus, jina lao la kisayansi, limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya kukatwa. Kima wako akiwa na dole gumba refu kama lako, aliyemchora alibahatisha. Ila kukosea si kughushi.

Sasa kioo. Unyevu wa masika hulainisha karatasi ikashikana nacho. Usitie maji, usipulizie hewa ya moto, usipitishe kisu. Rangi za maji hazisamehe: niliwahi kufuta picha ya samaki kwa pamba yenye unyevunyevu kidogo tu, pezi zima likaja na pamba. Itoe fremu, karatasi na kioo viachwe pamoja, umpelekee mtu wa kuhifadhi nyaraka.

Ikishatengenezwa, kati yake na kioo iwekwe kadi nene isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati. Ubao wa nyuma utupe, ndio unaoigeuza karatasi rangi ya chai. Na kuta zetu za mawe na chokaa hunywa maji: gundisha vipande viwili vya kizibo nyuma ya fremu, chini, hewa ipite. Upande wa dirishani usiitundike, jua litaula wekundu wote.

Bei sikutajii kabla hujatazama kwa lenzi.