Maswali na Majibu: Nyama ya Ng'ombe Laini na Mchuzi Mzito

Shikamoo Bibi. Nilinunua kilo moja na nusu ya sarara, nikaipika kwa saa nane katika sufuria ya umeme ya kupikia polepole, ikatoka kavu na kuchambuka kama makumbi ya nazi. Nilikosea wapi? (Mama wa watoto wawili, Nairobi)

Marahaba, mwanangu. Ulikosea ukiwa bado buchani. Sarara ni msuli usiofanya kazi nzito katika mwili wa ng'ombe, kwa hiyo huiva kwa dakika chache, na ukiupika kutwa nzima maji yake yote hutoka bila kubaki kitu cha kuulainisha. Nyama inayostahili sufuria hii ni ya viungo vilivyomtembeza na kumbeba mnyama, yaani muundi, shingo, bega na kidari, kwa kuwa ndiyo yenye kolajeni nyingi, yaani protini ngumu inayoshikilia misuli, ambayo ikikaa kwa saa kadhaa katika joto linalozidi nyuzijoto 70 huyeyuka ikawa jelatini. Jelatini hiyo ndiyo inayoifanya nyama iteleze mdomoni na mchuzi unate midomoni. Nimelieleza jambo hili mara nyingi mno, na inanisikitisha kuona watu wakilipia nyama ya bei ya juu kisha wakaiharibu. Tena, nyama iliyochinjwa alfajiri usiipike mchana wa siku hiyo, maana misuli yake bado imekakamaa. Ilaze kwenye friji siku mbili.

Nafunua kila nusu saa ili nikoroge, na baada ya saa nane nyama bado ni ngumu.

Acha kufunua. Kila ukifunua, joto linalopotea huchukua kama dakika 20 kurudi.

Je, nitie papai bichi ili iwahi kulainika? Jirani yangu hutumia vidonge vya maumivu. (Msomaji, Morogoro)

Papai bichi lina mahali pake, nalo ni kwenye mishikaki, ambayo hukaa na papai kwa muda mfupi na kuwekwa juu ya moto mkali. Katika sufuria inayopata joto taratibu, kimeng'enya cha papai, kile kinacholainisha nyama, hupata muda mrefu wa kufanya kazi kabla ya joto kukiua, na nyama huwa uji kwa nje huku kano za ndani zikiwa hazijaguswa.

Kuhusu vidonge, mwambie jirani yako aache leo. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na anayekula chakula hicho hajui amemeza kiasi gani, wala kama mtoto aliyekaa naye mezani amepewa dawa hiyo hiyo asubuhi kwa ajili ya homa. Anayetia dawa ya binadamu chunguni ili aokoe mkaa au umeme anahatarisha uhai wa watu waliomwamini, na ukigundua kwamba mgahawa fulani unafanya hivyo, usile hapo tena.

Mchuzi wangu huwa mwepesi na hauna rangi. Nifanyeje?

Unatia maji mengi kwa mazoea ya sufuria ya kawaida. Hapa mvuke hautoki, na nyama yenyewe hutoa maji, hivyo kikombe kimoja kinatosha kwa kilo moja na nusu. Rangi nayo haiwezi kupatikana ndani ya maji, ambayo hayapiti nyuzijoto 100, ilhali nyama huanza kuwa ya kahawia vizuri ikikaribia 140. Kwa hiyo ikaushe kwa kitambaa safi, ikaange kidogo kidogo katika mafuta ya moto hadi iwe kahawia pande zote, kisha mimina maji kwenye kikaango na ukwangue kile kilichoganda chini, kwa sababu ladha ya mchuzi imekaa hapo. Wanaosema kukaanga hufungia maji ndani ya nyama wamekosea. Tunakaanga kwa ajili ya ladha na rangi tu.

Nusu saa kabla ya kupakua, koroga vijiko viwili vya mezani vya wanga wa mahindi katika maji baridi, umimine na uweke moto mkubwa. Nimesema wanga, ule mweupe na laini sana. Sembe itakupa uji wenye chenga. Anayependa tui la nazi alitie wakati huo huo, kwani likipikwa tangu asubuhi hukatika.

Naweza kupika maharage mekundu makavu pamoja na nyama?

Hapana, mpaka uyaloweke, umwage maji hayo, na uyachemshe kwa nguvu jikoni dakika 10 au zaidi. Yana sumu ambayo joto dogo la sufuria hii huenda lisiiondoe, na itakutapisha.

Umeme ulikatika nikiwa kazini, na niliporudi jioni ulikuwa umewaka tena. Nyama inanukia vizuri. Tule? (Msomaji, Dar es Salaam)

Msile. Hujui ilikaa vuguvugu kwa saa ngapi, na sumu zinazoachwa na baadhi ya bakteria haziondoki kwa kuchemshwa upya. Ungekuwa nyumbani ungeihamishia kwenye jiko la mkaa au la gesi mara tu umeme ulipokatika. Najua kilo moja na nusu inauma kuitupa, lakini itupe.